Pumzi ya Mama Mkwe

Kashikishi, 1 Desemba 1998

Ziwa limefungwa leo. Hadi mwisho wa Februari hakuna kutia wavu majini, ili samaki wazae kwa amani. Ni sheria nzuri, na nimeitetea sokoni mpaka wavuvi wananiita mke wa serikali. Kinachoniudhi ni kwamba samaki amepewa likizo, na mimi ninayeuza samaki wakavu sijapewa hata godoro la kupumzikia. Kule Lubumbashi nilifundisha biolojia mchana na jioni nikaandika magazetini, mpaka mhariri wangu akakimbia, nami nikavuka ziwa muda si mrefu baada yake. Mtu aliyezoea kugombana kwa maandishi, akikosa gazeti atagombana na majirani. Kwa hiyo nimenunua daftari. Majirani washukuru.

2 Desemba

Mvua. Hakuna biashara.

4 Desemba

Leo mkwe wangu Chiti ameingia kwenye dimbwi la matope hadi magotini kwa sababu tulikuwa tunakutana njiani. Ameshusha kofia, akageuka, akatumbukia. Mwanamume wa miaka thelathini na mbili, nahodha wa mashua, anayejulikana mpaka Kisiwa cha Chisenga!

Amemwoa binti yangu Mimi miaka minne sasa. Wanaishi ng'ambo ya uzio wangu wa matete. Namjua kwa kikohozi chake, kwa kicheko chake, kwa visigino vyake akikimbia. Uso wake nauona kwenye picha ya arusi tu. Desturi ya hapa ndiyo hiyo, na kwetu Katanga pia ipo: mama mkwe na mkwe hawatazamani, hawali pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, mpaka siku upande wa mke utakapompikia karamu ya kumwingiza. Mama yake, Felistus, amekwisha kuniuliza karamu hiyo itakuwa lini. Nilimjibu kwamba nilikuja Zambia kukimbia askari, sikuja kupika ili nipate ruhusa ya kumtazama mtu mzima. Hakucheka. Felistus huwa hacheki.

6 Desemba

Nitaandika yote leo, maana kesho kila mtu Kashikishi atakuwa na hadithi yake mwenyewe.

Mchana wanaume walikuwa ufukweni wakipindua mashua na kuzilaza kifudifudi, kama wafanyavyo kila ziwa linapofungwa. Nilikuwa kwenye vichanja, nikifunika dagaa wa mwisho, nimewapa mgongo kwa ajili ya ile adabu. Wingu lilikuwa limesimama upande wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa kule Kongo. Mvua ilikuwa haijaanza. Radi ikapiga mara moja, nyeupe, na mlio wake ukaja papo hapo, kama bati limepasuliwa ndani ya sikio. Nilipogeuka, wawili walikuwa wameanguka kando ya mashua ya Chiti. Mmoja aliinuka akitapika. Wa pili alikuwa Chiti mwenyewe.

Sasa nitasema walichofanya watu wa Kashikishi, na ninataka wino uungue. Walimsimamisha! Wawili wakamshika makwapani, kichwa kikaning'inia, wa tatu akawa anammwagia ndoo za maji utosini. Kila anayezimia hapa husimamishwa, kana kwamba uhai ni gunia la mihogo litakalomwagika mtu akilala. Moyo umesimama, damu haina wa kuisukuma, na wao wanamsimamisha ili hata ile iliyobaki kichwani ishuke miguuni!

Nilipiga kelele wamlaze. Hakuna aliyesikia. Ndipo Michée, mfanyabiashara wa Kilwa anayeniuzia chumvi, akawasukuma wote wawili, na Chiti akaanguka mchangani chali. Shingoni hapakupiga kitu. Kifua hakikupanda. Nilifundishwa jambo hili na Msalaba Mwekundu nikiwa mwalimu, nikawafundisha wanafunzi kwa miaka mingi juu ya mdoli wa nguo. Nilimwonyesha Michée mahali pa kukandamiza. Nikamziba Chiti pua, nikaweka mdomo wangu juu ya mdomo wake, nikapuliza.

Kelele zilizotoka hapo hazikutoka hata radi ilipopiga.

"Mama! We mama! Ule ni mukwe wako!" Huyu alikuwa Jairos, kaka wa Felistus, mjomba wa Chiti. Kwa watu hawa mjomba ana sauti kuliko baba. Alinishika bega anivute.

"Ba Jairos, muache!" Michée alisema bila kuacha kukandamiza. "Utamushika bega kiisha, akimaliza."

"Haya! Aibu kabisa! Mbele ya batu!"

Nilimpiga kiwiko. Sikuweza kumjibu, kinywa changu kilikuwa na kazi. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kutukanwa bila kujibu.

Muda gani ulipita sijui. Mvua ilikuja, ikatupiga, ikapungua. Kisha chini ya vidole vyangu, shingoni, kitu kikapiga. Michée akaacha. Moyo ulikuwa umerudi, lakini pumzi ilikuwa haijarudi. Radi ndivyo ilivyo, huzima pumzi kwa muda mrefu kuliko moyo. Mtu akikata tamaa hapo amemuua aliyekwisha kupona. Nikaendelea kumpulizia, peke yangu, watu wameziba macho kwa mikono kama watoto wa kanisani. Kisha akakohoa usoni mwangu.

Wakampakia kwenye pikapu kwenda zahanati. Sikuruhusiwa kupanda. Adabu.

7 Desemba

Nimekaa nje ya zahanati, chini ya dirisha, mgongo ukutani. Ndani yupo Chiti hajafumbua macho, Mimi anamshika mkono, Felistus anaomba. Tabibu wa zahanati ni kijana anayeitwa Ngosa, na namshukuru Mungu amesoma. Alikuja kuongea nami huku nje. Tumeafikiana karibu yote, jambo lisilo la kawaida kwangu.

Mimi alidhani hatari imepita kwa kuwa moyo unapiga. Nikamweleza kupitia dirishani, nimeutazama ukuta. Unajua bomba la sokoni, maji yakikatika siku tatu? Yakirudi hutoka kwa kishindo, mekundu, yanaruka nje ya ndoo, watu wanashangilia. Halafu mkondo unapungua, unakuwa kama uzi, kwa sababu kutu na tope vimeziba mabomba membamba. Ubongo nao ni hivyo. Ni mdogo, lakini hunywa sehemu ya tano ya damu yote ya mwili. Moyo ukisharudi, damu huingia ubongoni kwa wingi kupita kiasi, mgonjwa anaonekana mwekundu, mwenye nguvu. Baada ya hapo mishipa midogo hujibana, na kwa siku nzima au zaidi damu hupita kidogo kuliko inavyotakiwa, hata kama moyo unapiga vizuri. Saa hizo ndizo za kumlinda. Asikose maji, asipate joto, shinikizo la damu lisishuke.

"Nani anakufundisha haya yote, mama?" Mimi akauliza.

"Nilikuwa nayafundisha mwenyewe," nikamjibu.

Ngosa ametundika chupa ya maji ya mshipa na amemvua blanketi. Felistus amemrudishia blanketi. Ngosa amemvua tena.

8 Desemba

Degedege usiku, na asubuhi tena. Sina la kuandika.

9 Desemba

Amefumbua macho! Mimi ameniambia kupitia dirishani. Nililia kwa upande wangu wa ukuta, ambapo desturi inaniruhusu.

13 Desemba

Wamemleta nyumbani. Nimeketi upande wangu wa uzio na kigoda changu, na kazi yangu sasa ni kusikiliza.

Anatembea, anakula, anawajua wote. Lakini husema: "Mashuwa iko wapi?"

"Iko kwa mchanga, baliigeuza," Mimi anajibu.

"Bon," anasema, yaani sawa, Kifaransa alichookota kwetu. Muda wa kumenya muhogo mmoja unapita. "Mimi, mashuwa iko wapi?"

Ndivyo kutwa nzima. Mambo ya zamani anayo. Jambo jipya linaingia na kutoka. Kuna kipande kidogo ndani kabisa ya ubongo kinachopokea mambo mapya na kuyatunza, na damu ikikatika ndicho kinachoumia kwanza. Wakati mwingine hupona kwa wiki na miezi, wakati mwingine hakiponi. Nimelisoma hilo katika kitabu changu cha Kifaransa cha fiziolojia, kilichovuka nami ziwa wakati sufuria zangu zote zilibaki. Nimelisoma tena leo, nikitumaini limebadilika.

16 Desemba

Sokoni wananipisha njia. Si kwa heshima. Mwanamke mmoja amehamisha beseni lake la kapenta, yaani dagaa, lisiguse kivuli changu. Wanasema akili ya Chiti haikurudi kwa sababu pumzi aliyorudi nayo si yake, ni ya mama mkwe, na kichwa cha mwanamume hakiwezi kukaa na pumzi hiyo. Wangempoteza wangesema radi imetumwa na mchawi. Amepona, kwa hiyo mchawi ni mimi.

Michée ameleta chumvi. "Mama Brigitte, habari yako imefika Kilwa mbele yangu. Kule banasema ulimubusu."

"Na wewe uliwaambia nini?"

"Niliwaambia mi pia nilikuwa pale, na mi haukunibusu."

Nimemfukuza, nikamwita arudi, nikamlisha.

21 Desemba

Jairos amekuja. Ameketi uwanjani kwa Chiti, kando ya Felistus, lakini amepaza sauti ili ivuke uzio. Familia imeamua. Ziwa halijafunguliwa bado lakini boti za abiria zinakwenda, na mwisho wa Januari atampeleka Chiti Chisenga, kwa mzee anayeondoa pumzi ya haramu. Atafunikwa mablanketi juu ya chungu kinachochemka mizizi, asubuhi na jioni, na hatakunywa maji mpaka jasho likome lenyewe.

Nilisimama. "Ba Jairos! Unataka kumchemsha mtu ambaye ubongo wake uliumia kwa kukosa damu? Umkaushe maji, shinikizo lishuke, joto lipande? Ngosa amekuambia kinachomuua ni joto na kiu!"

"Mama, mi sikuongea na we."

"Umeongea na uzio wangu!"

"Mukwai," akasema, neno lao la heshima, "we ndiye ulimwaribu. Kama ungenyamaza angekuwa mutu."

"Kama ningenyamaza angekuwa kaburi!"

Mimi akaanza kulia. Na Chiti, katikati ya yote, akauliza kwa upole: "Nani amekufa?"

25 Desemba

Kanisani wameniachia benchi zima. Limenifaa, nina mgongo mbovu.

9 Januari 1999

Felistus huja kila asubuhi na kuketi kando ya mwanawe. Nilidhani anakuja kumlilia. Sasa, baada ya karibu wiki nne za kusikiliza, naona anafanya jambo moja bila kuchoka. Anampa nyuzi na sindano ya wavu, na mikono ya Chiti inafunga mafundo bila kosa, mikono haikusahau. Wakati mikono inakwenda, mama anamsimulia siku ya radi, tangu mwanzo.

"... Kiisha mama mukwe wako akakuwekea kinywa. Akakupa pumuzi."

"Awe, hapana! Mama mukwe?" Chiti anashtuka, sindano inaanguka. "Mayo! Mbele ya batu?"

"Mbele ya batu bote."

"Mi nitamupita namna gani sasa kwa njia?"

Kisha anaokota sindano na kuendelea. Kesho yake anasimuliwa tena, anashtuka tena kwa aibu ileile mbichi. Nimesikia mwanamume akivuliwa nguo kila asubuhi, na mvuaji ni mama yake, na aibu inayofunuliwa ni mimi. Sijui kwa nini anaendelea. Ningempigia kelele, ila mafundo ya wavu yanaendelea, na sauti ya Felistus haina ukali.

14 Januari

Amekumbuka kwamba jana mvua ilivuja juu ya kitanda. Halafu akasahau kwamba ameoga, akaoga tena.

17 Januari

Nimebandika waraka.

Niliuandika siku tatu, Kiswahili safi kurasa mbili, nikaubandika kwenye ukuta wa banda la samaki ambapo hutundikwa matangazo ya sheria za uvuvi. Nimeeleza moyo, damu, bomba la sokoni. Nimeeleza kwa nini aliyeanguka alazwe. Nimeeleza, ili kuthibitisha, hali ya mgonjwa: maswali yanayorudiwa, kuoga mara mbili, jinsi anavyoshtuka kila akiambiwa alipigwa na radi, kana kwamba imepiga leo. Nimewaita wanaotaka kumchemsha wauaji wenye nia njema. Ni waraka bora kuliko wote niliopata kuandika. Watu walisimama kuusoma tangu asubuhi.

18 Januari

Vijana wawili wamepita nje ya uwanja wa Chiti na kuita kwa zamu: "Nahodha, mashuwa iko wapi?" "Nahodha, umeoga?"

Alitoka kuwajibu. Kwa adabu. Aliwaambia iko mchangani.

Mimi alikuja kwangu. Alisimama mlangoni, hakuketi. "Mama, nani alikupa ruhusa?"

"Nilikuwa nakutetea. Ukweli ule..."

"Mjomba anamubeba bwana yangu anamupeleka Chisenga. We unamubeba unamutundika kwa ukuta wa samaki. Tofauti iko wapi? Yee si hoja yako, mama! Yee ni mutu. Anasahau, lakini akichekwa anasikia."

Nimewahi kumjibu gavana. Mwanangu nilimjibu kwa kufunga kitambaa kichwani na kutoka.

Nilipokwenda kubandua waraka sikuukuta. Wanawake wa vichanja waliniambia Felistus aliung'oa alfajiri na kuwashia moto wa kupikia.

19 Januari

Nimekasirika, na leo kwa mara ya kwanza sina wa kumkasirikia ila mwandishi wa waraka ule.

24 Januari

Felistus amekuja upande wangu. Hajawahi. Nilimpa kigoda, akaketi chini kwenye mkeka. Mvua ilikuwa inanyesha taratibu, tulizungumza ndani.

"Bana Mimi," akasema, yaani Mama Mimi kama wanavyoita hapa, "mume wangu alitolewa majini hapa hapa. Batu balisimama, balimwangalia. Balimusimamisha, balimwaga mayi. Nilikuwa na mimba ya Chiti. Hakuna mutu alimuwekea kinywa."

Niliketi naye chini mkekani.

"Ile siku ya radi nilikuwa nyuma ya batu. Niliona. Nilisema, upulize, mama, usiache. Nilisema ndani ya roho. Kwa mudomo sikusema, juu ya kumwogopa kaka yangu."

"Lakini ulimwacha Jairos aiite pumzi yangu haramu!"

"Awe, Bana Mimi. Ni haramu. Niseme si haramu?" Alinitazama kama mtu anayezungumza na mtoto mgumu. "Na ulifanya vizuri. Yote mbili."

Ndipo akasema alichokuja kusema. Nipike karamu ya kumwingiza mkwe, kabla ya boti ya Jairos. Chiti akishaingizwa, mama mkwe anakuwa mama, na mdomo ule unakuwa mdomo wa mama. Jairos kama mjomba atakuwa wa kwanza kula. "Akimega ubwali wako amekubali. Hawezi kula kiisha aseme pumuzi yako ni chafu."

"Kwa hiyo hutaki nimwambie kwamba amekosea? Nimpikie?"

"We unataka Jairos aseme amekosa, ao unataka Chiti abaki hapa?"

Nikamuuliza kwa nini kila asubuhi anamtia mwanawe aibu ileile.

"Ni sababu kintu kingine hakimushtui," akasema. "Nikimwambia habari ya mvua anasema bon. Nikimwambia habari yako sindano inaanguka. Nilisema, kama kuna kitu kitashika ndani ya kichwa, ni ile."

26 Januari

Nimezunguka nyumba siku mbili nikihutubia kuta. Nimesoma vitabu miaka thelathini ili mwishowe nimwokoe mtu kwa kuku watano na maharage! Hoja zangu zote ni sahihi! Damu haijui mkwe! Mshipa wa shingo hauulizi kama karamu imepikwa! Na bado nikishinda mabishano, boti inaondoka na Chiti amelala ndani. Jairos hatashindwa na kitabu. Atashindwa na kuku.

Nimemtuma Mimi anunue mafuta ya kupikia.

28 Januari

Homa kidogo kwa Chiti, Ngosa amekuja na vitambaa vya maji. Felistus mwenyewe amemvua blanketi.

30 Januari

Tumepika tangu asubuhi: kuku, maharage, samaki wakavu aina ya pale, mboga za majani kwa karanga, na ugali, yaani bukari kama tusemavyo sisi na ubwali kama wasemavyo wao, wa kulisha mtaa. Wanawake walinifundisha jinsi ya kubeba sahani, jinsi ya kupiga magoti. Mmoja alikuwa yule aliyehamisha beseni lake la kapenta. Alinisahihisha goti la kushoto. Nilivumilia. Andikeni hilo mahali, nilivumilia.

Jairos alikuja amevaa koti. Aliketi, akaitazama sufuria ya kuku, akanitazama mimi, na nilimwona akijua. Si mjinga. Harufu ilikuwa imejaa uwanja. "Mama," akasema taratibu, "hii ulipanga na dada yangu."

"Kula, Ba Jairos. Kinapoa."

Wengine wakaanza kuangaliana. Kisha akamega. Akachovya mchuzi. Felistus, pale nyuma, alipumua kwa sauti.

Ndipo wakamleta Chiti na kumketisha kwenye mkeka mbele yangu, kichwa kimeinama. Upande wao desturi ni kwamba mama mkwe hufinyanga tonge la kwanza na kumlisha mkwe kwa mkono wake, na hapo ndipo macho yanapofunguliwa. Nilipiga magoti. Nilifinyanga.

Akainua uso. Ana kwa ana nilikuwa nimeuona mara moja tu, wa bluu, umejaa mchanga. Ulikuwa uso wa kijana, umekonda, una kovu dogo nyusini. Alitazama tonge, akanitazama mimi, na nikaona kitu kinatembea polepole nyuma ya macho yale, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Watu wakasubiri. Mimi akaanza kumsaidia, "Sema asante..." Felistus akamzuia kwa mkono.

"Mama," Chiti akasema, "leo umeleta na chakula."

Sekunde moja hakuna aliyeelewa. Kisha Michée akapiga kelele, na uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko, hata Jairos, kinywa kimejaa kuku wangu. Nilimgeukia Felistus. Alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.

"Ulimkumbusha leo?" nikamuuliza.

"Tangu homa sijamwambia," akasema. "Tangu homa, Bana Mimi."

Alikuwa ameitunza ile habari ya kinywa kilichomjia na pumzi tu. Siku mbili, tatu, bila kusaidiwa, ilikuwa imekaa mle ndani mpaka akaihitaji. Nilimwekea lile tonge mdomoni kwa sababu sikuweza kufanya jingine, na machozi yangu yakaingia kwenye mchuzi, na Felistus akacheka. Kwa sauti, ana pengo upande wa kulia. Miaka minne sikujua ana pengo.

2 Februari

Boti ya Jairos imekwenda Chisenga na magunia ya mihogo.

11 Februari

Chiti amepita njiani, akasimama, akanisalimu, akasimulia habari za mashua. Alipofika kwenye kona akarudi, akanisalimu tena, akasimulia habari zilezile. Nilizisikiliza zote mara ya pili, neno kwa neno. Niulizeni kama nilizoea kumsikiliza mtu yeyote hata mara moja.

1 Machi

Ziwa limefunguliwa. Mashua zilitoka alfajiri kwa nyimbo. Ile ya Chiti inaongozwa na msaidizi wake; yeye amekaa katikati, anavuta wavu. Ngosa anasema labda mwakani atashika tena usukani, labda la. Chiti mwenyewe anasema mwakani. Alilisema jana pia, na juzi, na ninaanza kumwamini.

Na sasa nina hasira mpya. Jairos anawaambia watu kutoka hapa mpaka Nchelenge mjini kwamba ile karamu ndiyo iliyomponya! Kuku! Michée aliyekandamiza kifua mpaka viganja vikachubuka hatajwi. Mishipa iliyofunguka kidogo kidogo haitajwi. Nilikuwa nimechukua kalamu niandike waraka wa pili. Kisha nikaiweka chini, nikamwendea Chiti nikamwomba ruhusa, na yeye akasema: "Usiandike, mama. Baonyeshe."

Kwa hiyo leo jioni, wakati mashua zinarudi, nilitandika mkeka ufukweni. Michée alilala awe maiti, kazi aliyoifanya kwa kelele nyingi. Kwanza walikuja wanawake watatu. Kisha kumi. Kisha wanaume, kwa mbali, wakijifanya wanatazama nyavu. Nikawaonyesha kulaza, kuinua kidevu, kukandamiza, kupuliza. Niliwaambia wasimsimamishe mtu. Niliwaambia mara nne, kwa sauti ambayo Mimi anasema ilisikika Kilwa.

Mvuvi mmoja mtu mzima, aliyeziba macho siku ile, akainua mkono. "Mukwai, nimesikia yote. Lakini kama ni mama mukwe wangu njo ameanguka? Nifanye nini?"

Nilivuta pumzi. Nilikuwa na jibu la kurasa mbili.

Felistus alinitangulia. Hakuinua hata macho kutoka kwenye samaki aliokuwa akiwapasua.

"Muwekee kinywa," akasema. "Ubwali tutapika kiisha."